Korongo la Kathambi na Ndege Isiyojua Kusoma

Kathambi aliletwa kwetu kuolewa mwaka wa sabini na tano, kutoka Kianjai kule Meru, na siku ya tatu mama mkwe wake alimkuta akilamba ukuta wa jikoni. Hakuwa na wazimu. Alikuwa anaonja udongo. Akamwambia mama mkwe, kwa Kimeru chake ambacho sisi watu wa Embu tunakielewa nusu na nusu nyingine tunakisia, kwamba ukuta huo una mchanga. Kwa nyanya yake Kianjai nyumba ilipakwa udongo mweupe, laini, ambao mama mjamzito angeumega na kuutafuna bila kukwaruza jino. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akazunguka kwa majirani akitangaza kwamba mwanawe Mbaka ameoa mtu wa kula nyumba.

Jina likamganda. Mla Nyumba. Aliyelipenda zaidi ni Nthiga, kaka mkubwa wa Mbaka, mtu ambaye akipata neno moja la kuchekesha hulitumia miaka ishirini bila kulifua.

Kwetu ni chini, upande wa ukame, mahali ambapo watu wa Manyatta wenye chai na kahawa hushuka kununua mbuzi na kutuonea huruma. Ardhi tunayo, lakini nyingi ni miiba na mawe. Katikati ya miiba hiyo, katika ardhi ya ukoo ambayo hakuna aliyeitaka, palikuwa na korongo. Watu waliliogopa kwa sababu ya nyoka. Kathambi hakuwa ameambiwa habari ya nyoka, au aliambiwa akadhani ni maneno ya kumtisha mgeni. Aliingia humo akitafuta kuni na akatoka na kipande cha udongo mweupe kama unga wa ngano. Alikilamba papo hapo.

Tangu siku hiyo hakukosa kazi. Mabonge magumu aliyakausha na kuyauza kwa akina mama wajawazito, ambao wakishikwa na hamu ya udongo hawangoji kesho. Ule wa kuvunjika aliuponda, akauchekecha, akauuza kwa debe kwa ajili ya kupaka nyumba. Huku kwetu nyumba hupakwa upya kabla ya Krismasi, kabla ya harusi na askofu akija. Ukiona boma limekuwa jeupe ghafla, jua kuna mtu anatarajiwa. Kathambi aliuza Manyatta siku ya soko, akauza Embu mjini, na mara mbili kwa mwaka alibeba gunia mpaka Kianjai, ili kwao waone kwamba hakupotea.

Lakini mahali alipochimba hakumwambia mtu. Alitoka alfajiri na mtungi kana kwamba anaenda mtoni, akarudi na kuni kichwani, udongo ukiwa ndani ya kuni. Aliyemuuliza alijibiwa. Huyu aliambiwa unatoka Chuka kwa rafiki yake, yule aliambiwa unatoka Kianjai, mwingine aliambiwa ameusaga kutoka kwa mifupa ya mama mkwe. Mimi nilijua kwa sababu mbuzi wangu alipotea nikamfuata hadi korongoni, nikamkuta Kathambi ndani ya shimo, mweupe kuanzia nyusi hadi kucha. Kisha akaniuliza kama najua kutumia chekeche. Basi nikawa mchekechaji, na mdomo wangu, ambao watu wanasema haufungiki, ulifungika miaka kumi na saba.

Mbaka alifariki mwaka wa themanini na nane. Kathambi akabaki na binti mmoja, Sheila, na shamba ambalo ukisimama katikati unaweza kumtemea mate jirani wa kila upande. Kisha, mwaka wa tisini na sita, ikasemekana ardhi ya ukoo igawanywe, kila mtu awe na kipande chake na hati yake. Kamati ikaundwa, mwenyekiti akiwa Mzee Gachoki. Kathambi akaenda mbele yao akaomba korongo.

Wazee walicheka. Mjane wa kutoka Kianjai, anaombaje nyoka? Wangempa siku hiyohiyo wakaenda zao kunywa chai. Lakini Nthiga, aliyekuwa mmoja wa kamati, hakucheka. Alimjua shemeji yake. Alijua kwamba Kathambi hajawahi kuomba kitu kisicho na faida, hata chumvi. Akasema si vizuri kufanya haraka, kwani kuna habari kwamba serikali italeta ndege ya kupima udongo na mawe, na ukoo usije ukagawa mali bila kujua. Tungoje ramani. Neno lilikuwa zuri mno kukataliwa. Wakangoja.

Kathambi alirudi nyumbani akakaa juu ya debe lililogeuzwa. Kama korongo lingeonekana kwenye ramani, Nthiga angelichukua kabla wino haujakauka, na yeye angebaki na shamba la kutemea mate. Nilimpa pole. Aliniambia niende nayo nyumbani, yeye anataka kujua hiyo ndege inaona nini.

Nafasi ya kuuliza ilipatikana wiki iliyofuata. Chifu aliita baraza na tukaletewa kijana mmoja wa hiyo ndege, aitwaye Gedion, aliyekuwa amepanga chumba kule mtaa wa Dallas, Embu mjini, na viatu vyake vilituambia hivyo kabla ya yeye kufungua mdomo. Gedion hakuwa na maringo lakini. Alieleza vizuri. Alisema ndege ina kamera, ila si kamera ya harusi. Mwanga wa jua ukipiga ardhi unarudi juu, na kamera hiyo inaupasua mwanga huo vipande zaidi ya mia mbili, pamoja na vile ambavyo macho yetu hayavioni. Kila aina ya udongo na jiwe humeza mwanga mahali pake na kuurudisha mahali pake. Kwa hivyo hubaki mapengo.

"Ni kama watu waliong'olewa meno," alisema. "Huyu ana pengo hapa, yule ana pengo pale. Akicheka tu, hata kama sijui jina lake, namjua. Udongo mweupe wa mfinyanzi una mapengo mawili yaliyokaa karibu karibu. Majivu hayana hayo. Chokaa ya dukani ina pengo lake kwingine. Kwa macho vyote ni vyeupe, lakini ndege haidanganyiki."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na pengo mbele alifunga mdomo.

Kathambi aliinua mkono. Aliuliza ndege inaona chini kiasi gani. Kama mita? Kama jembe?

Gedion akasema hapana, mama, inaona ngozi ya juu tu, unene wa karatasi. Ukifunika udongo kwa majani, inaona majani. Ukimwaga unga juu ya jiwe, inaona unga. Ndiyo maana baadaye yeye hupita kwa miguu akikwaruza chini, ili kuhakikisha.

"Asante, mwanangu," Kathambi akasema, akaketi. Nilimwona akihesabu vidole ndani ya leso yake nikajua kwamba mtu atapata taabu.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani aliniuliza swali. "Celina, mwaka ule mbuzi wako wa madoa alipoibwa, tulimpata wapi?"

Nikamwambia mnadani.

"Mnadani wapi?"

"Katikati ya mbuzi wengine mia."

"Basi," akasema, na hakuongeza neno mpaka tukafika.

Jioni hiyo kwenye kikundi chetu cha akina mama alitaja, kama mtu anayetaja mvua, kwamba hiyo picha ya ndege itapelekwa Nairobi kwa wakubwa na huenda hata ng'ambo, na kwamba Mungu akitaka itaning'inizwa ukutani. Basi. Hakusema mpake nyumba. Hakuhitaji. Kuna mwanamke gani wa kwetu anayejua kwamba boma lake litaangaliwa na wageni kutoka juu akaliacha na mavi ya kuku? Kesho yake alfajiri watu walikuwa mlangoni kwa Kathambi na madebe. Na kwa kuwa ndege inapita juu, haikutosha kupaka kuta. Uwanja nao ulifagiwa, ukanyunyiziwa udongo mweupe mpaka mlango wa zizi. Tuliponda wiki tatu. Nilikohoa unga. Nelius, jirani yetu mwenye kujiona, hakununua. Alisema yeye amepaka kwa chokaa ya dukani kutoka Embu, hawezi kupaka nyumba kwa chakula cha wajawazito.

Nthiga pia alitangaza kwamba hana haja na upuuzi huo. Kathambi akalisikia, na mtoni, mahali ambapo mke wa Nthiga alikuwa akifua, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye ataandika jina la marehemu mume wake uwanjani, MBAKA, herufi tano, ili likaonekane huko juu. Siku mbili baadaye mke wa Nthiga alikuja akinong'ona anataka madebe manane. Kathambi aliyapima yakafurika.

"Nyumba yenu imekua," akamwambia.

Mama wa watu aliona haya akatuambia yote. Mzee alikuwa ameenda kwenye kilima cha mawe meusi, ile ardhi ya ukoo nyuma ya boma lake, mbali na barabara, akapima kwa hatua. Aliandika NTHIGA, kila herufi ndefu kama ghala. Eti hawezi kushindwa na ndugu yake aliyekufa, ambaye hata jina lake lina herufi chache.

Kathambi hakuandika jina la mtu yeyote. Marehemu hakuwa mtu wa kupenda kutazamwa.

Ndege ilikuja mwezi wa pili, kabla ya mvua ya njahi, wakati mbingu haina hata doa. Gedion alikuwa ametandika maturubai mawili kwenye uwanja wa shule, moja jeupe, moja jeusi, ya kuipa kamera mahali pa kulinganishia, na akaomba kwa heshima yasiguswe. Asubuhi ya kwanza alikuta turubai jeusi limefunikwa na mtama wa Nelius. Nelius alimweleza kwamba hajawahi kuona kitu kinachokausha mtama haraka namna ile na akauliza litauzwa lini. Gedion alisaidia kuukusanya mtama kwa mikono yake, na viatu vya Dallas vikaanza kufanana na vyetu.

Sisi tulikuwa na taabu yetu. Kathambi hakutegemea kundi la mbuzi wa mnadani, yaani maboma meupe, peke yake. Alikuwa amefunika shimo lake kwa matawi mabichi, tabaka juu ya tabaka, ili ndege ione majani. Jambo ambalo hakulifikiria, na ambalo mtu yeyote wa hapa angepaswa kulifikiria, ni kwamba mwezi wa pili huku kwetu hakuna jani bichi ukitoa hayo. Tulisikia mngurumo wa ndege tukakimbia kuangalia. Tulikuta mbuzi kumi na wawili wakimalizia matawi. Shimo lilikuwa wazi, linang'aa kama sahani iliyolambwa.

Kathambi alirukia ndani. Alifungua leso yake akaitanda juu ya kichwa kwa mikono miwili, akasimama hapo katikati ya mbuzi, na ndege ikapita juu yetu, nyeupe, ya chini, bila haraka. Ikaenda ikageuka ikarudi. Alibaki amesimama vilevile. Leso moja juu ya shimo lenye upana wa nyumba ni kama kufunika ng'ombe kwa kofia, nikamwambia hivyo. Aliniambia ninyamaze nishike pembe ya upande ule.

Jioni, chifu akiwapa wageni chai, Nthiga alisogea karibu na Gedion. Mpasha habari wangu wa karibu, yaani mke wa Nthiga, alikuwa akimimina chai na alisikia. Nthiga aliuliza kama anayeulizia mtu mwingine: mtu akiandika jina lake kilimani, ndege inasoma?

"Haisomi, mzee," Gedion akamjibu. "Kila nukta ya picha ni pana kama chumba. Herufi zinapotea zote."

Nthiga alirudi nyumbani amenuna. Madebe manane. Hakuenda tena kule kilimani. Mbuzi walilala juu ya jina lake, upepo ukalibeba, kisha njahi ikaja ikaosha kilichobaki. Kufikia mwezi wa tano ungepita hapo usijue kwamba kilima kiliwahi kwenda shule.

Ramani ilifika mwezi wa saba, na kamati ikakaa siku hiyohiyo katika darasa la nne la shule ya msingi. Wazee walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia masikio. Sisi wanawake tulisimama ukutani. Gedion alitandika karatasi kubwa juu ya meza ya mwalimu, yenye rangi nyingi kama kitenge: kijani cha miti, kahawia ya udongo wenye chuma, bluu ya chokaa. Nyekundu, akasema, ni udongo mweupe wa mfinyanzi. Akajikuna.

Kila boma lilikuwa jekundu. Kanisa lilikuwa jekundu. Nyumba ya chifu, nyekundu. Kulikuwa na nukta nyekundu kila mahali ambapo kuna mtu anayelala, kama mtoto aliyeshikwa na surua.

Gedion alikiri kwamba Nairobi walishangaa. Mzee Gachoki ndiye aliyemweleza, huku akipangusa machozi ya kicheko, kwamba ule haukuwa udongo wa ardhini. Ni wanawake walijipamba kwa sababu walisikia watapigwa picha. Gedion alicheka naye, lakini nilimwona akitazama ramani kwa jicho la mtu aliyeambiwa nusu.

Kisha mtu akauliza boma la Nelius ni lipi. Gedion akaonyesha.

"Na chokaa ya dukani ulisema ni rangi gani?" Kathambi akauliza taratibu.

"Bluu."

Boma la Nelius lilikuwa jekundu kama nyanya. Sote tulimgeukia. Nelius akasema pengine mwenye duka alimdanganya. Baadaye tulijua kwamba alimtuma mtu sokoni Manyatta amnunulie udongo wetu, ili asionekane mlangoni kwa Kathambi.

Kicheko hicho kilikuwa bado hakijaisha Nthiga aliposimama. Hakuwa amecheka. Kidole chake kilikuwa juu ya kilima cha mawe meusi, na chini ya kidole palikuwa na doa jekundu, kubwa kuliko maboma matano yakiwekwa pamoja.

"Hapa hakuna anayelala," akasema.

Gedion akasema hata yeye doa hilo limemtatiza, na angependa kwenda kulikwaruza kabla ya mtu yeyote kuamua jambo. Kesho asubuhi angeweza. Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Lakini Nthiga alikuwa ameona kesho asubuhi jinsi wewe unavyoona chui: wazee wote kilimani, kila mmoja akiinama, kila mmoja akishika udongo, kila mmoja akikumbuka ghafla kwamba babu yake alichunga hapo. Akakataa. Alisema tumengoja ramani, ramani imekuja, sasa tunangoja nini, viatu vya ramani?

"Mzee, kamera inaona ngozi tu," Gedion akasema. "Nilisema kwenye baraza. Huenda kuna kitu kilimwagwa juu."

Hapo Nthiga alitabasamu. Nilimwona akitabasamu, na mimi ninayejua kilichomwagwa hapo nilijibana ubavu kwa nguvu. Alimwegemea Gedion kwa sauti ya chini, lakini darasa la nne si kubwa.

"Kijana, si wewe uliniambia ndege haisomi?"

"Ndiyo, haisomi."

"Basi kama haisomi, haikuona yale mengine. Imeona udongo."

Gedion hakuelewa hata kidogo. Kathambi alielewa yote. Alichukua pembe ya leso akaiweka mdomoni, akaiuma, na mabega yake yakaanza kutikisika kama ya mtu anayelia. Wazee waliokuwa karibu walimwonea huruma.

Nthiga akaomba kilima. Kilima chote. Na akasema ataacha madai mengine yoyote katika ardhi ya ukoo. Mzee Gachoki, ambaye ni mwepesi kuliko anavyoonekana, alimuuliza mara mbili kama ana hakika, akaandika.

Kathambi alikuwa bado hajaitoa leso mdomoni Mzee Gachoki alipoinamia ramani akiwa na miwani yake. "Na hii? Hii ndogo, hapa kwenye korongo. Hapa pia hakuna anayelala."

Alikuwa sahihi. Nukta moja, nyekundu iliyokolea, katikati ya miiba. Leso ya Kathambi haikuwa imeificha hata punje. Nthiga naye aligeuza shingo. Miaka ishirini na moja ya mtungi usio na maji ilikuwa imelala juu ya meza ya mwalimu, na wanaume saba walikuwa wameiinamia.

Kathambi alitoka ukutani akasogea mpaka mezani. Alitazama nukta kama anayemtazama mtoto wake.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nyinyi nyote mlipaka mahali mnapokaa. Mimi nilipaka mahali nitakapokaa. Niliomba mbele yenu nikiwa na akili zangu timamu, nikasema wazee wetu hawawezi kumnyima mjane nyoka wake. Sasa kama nilikosea kuwaamini, semeni nikafagie."

Wakacheka tena, hata madawati yalilia. Mzee mmoja alisema mwanamke huyu amepaka nyumba isiyokuwepo. Na Nthiga, akiwa na kilima chake mfukoni na neno lake la miaka ishirini mdomoni, alitaka tu wamalize.

"Mpeni Mla Nyumba korongo lake," akasema. "Akishiba nyumba ale nyoka."

Ikaandikwa. Nthiga akatia sahihi kilima chake. Kathambi aliletewa wino wa kidole, akausukuma kando, akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, na kila moja ikasomeka.

Gedion alitufuata nje. Alikuwa na kile chombo chake kidogo cha kupimia kwa mkono, begani, na alitembea na sisi bila kuuliza tunaenda wapi, mpaka korongoni. Alipoona shimo alisimama. Alielekeza chombo chini, akasoma, akatikisa kichwa.

"Mapengo ya maboma yote yamechanganyika na mavumbi na samadi," alisema. "Ya hapa yalikuwa makali. Nilijua tangu Nairobi kwamba huu si udongo wa kunyunyizwa."

"Na mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Kuhusu kilima nilisema mara mbili, hakuna aliyenisikiliza. Kuhusu hapa hakuna aliyeniuliza."

Kathambi alimega kipande akampa. Kijana wa watu alikitazama, akakitazama tena, akakila. Akasema si kibaya. Kwenye ramani yake aliandika ukweli, kwamba hapo pana udongo mweupe wa mfinyanzi na kwamba una mwenyewe.

Nthiga alichimba kilima siku nne. Siku ya kwanza alivunja mpini wa jembe, siku ya pili jembe lenyewe. Chini ya jiwe jeusi kulikuwa na jiwe jeusi lingine, ndugu yake. Siku ya tano alienda kwa chifu akilalamika kwamba ndege ilimdanganya na ugawaji urudiwe. Gedion aliitwa, wote wakapanda kilimani. Alikwaruza kwa kisigino mahali kadhaa, akapata jiwe, kisha akamuuliza Nthiga mbele ya chifu na kamati yote swali moja la kawaida kabisa: mwezi wa pili, ndege ilipopita, hapa juu ya kilima palikuwa na nini?

Kujibu kulihitaji maneno matatu tu, lakini maneno hayo yalikuwa: niliandika jina langu. Ayaseme mbele ya Gachoki, mbele ya chifu, mbele ya mke wake aliyebeba madebe. Nthiga alitazama kilima, akatazama anga, akasema hakumbuki. Kesi ikafungwa.

Mwezi wa kumi na mbili mwanawe Misheck alikuwa anaoa, na boma lilipaswa kuwa jeupe. Nthiga alikuja mwenyewe mara hii, na debe mkononi. Kathambi alikuwa amejenga banda lake juu ya korongo, na amepaka kila ukuta. Alilipokea debe kwa mikono miwili, kwa heshima zote za shemeji, akachota mpaka udongo ukafanya kilima juu ya ukingo. Hakumpunja hata kijiko.

Kisha akasimama na kibuyu cha kuchotea mkononi, akimtazama kwa upole.

"Ni wa nyumba tu, Baba Misheck," akauliza, "au niongeze na wa herufi sita?"